Je, wajua? Kuna chanjo inayoogopa barafu kuliko joto

Kwa miaka mingi nilijua kitu kimoja tu kuhusu chanjo, kwamba adui yake ni joto, basi. Kwa hiyo siku moja nikiwa kliniki ya watoto kwenye dispensari fulani nikamwona nesi ametoa pakiti za barafu kwenye friza, akazipanga juu ya meza na kuziacha hapo zinatoa jasho, boksi la kubebea chanjo liko wazi pembeni, pikipiki ya kwenda kuchanja vijijini inangoja nje, nikasema moyoni huyu mbona anachezea dawa za watoto. Akawa anainua pakiti moja, anaitikisa karibu na sikio, anairudisha mezani. Nilikuwa nimekosea kabisa.

Alikuwa anasikiliza maji. Pakiti ikitoka friza ina baridi kali sana, inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na ukiipanga hivyo hivyo kando ya chupa za chanjo, chupa zinaganda njiani. Anangoja ianze kuyeyuka, mpaka akiitikisa asikie kipande cha barafu kinagonga ndani ya maji, kwa sababu barafu iliyoanza kuyeyuka inakaa kwenye nyuzi 0 na haishuki tena hapo. Dakika zile nilizodhani ni uzembe ndizo zilikuwa zinaokoa chanjo.

Nimeuliza watu tangu hapo na karibu kila mtu anafikiri nilivyofikiri mimi, kwamba baridi ikizidi usalama unazidi, kama nyama vile, ukiitupa friza inakaa miezi. Sasa chanjo kwenye dispensari inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Sifuri ni kosa sawa na 15. Hata alama iliyobandikwa kwenye chupa inachangia hii dhana, ile yenye duara na mraba mdogo katikati unaozidi kuwa mweusi chanjo ikipata joto. Mraba ukishafanana na duara chupa inatupwa. Ni alama nzuri sana lakini inapima joto tu, chanjo inaweza kuganda usiku kucha, ikayeyuka asubuhi, na mraba ukabaki mweupe kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sio chanjo zote lakini. Ya polio ya matone inavumilia kuganda, tena kwenye maghala makubwa inahifadhiwa ikiwa imegandishwa, na BCG (ya kifua kikuu) na ya surua na rubella ni unga mkavu, baridi haiuharibu (ila maji ya kuuchanganyia hayatakiwi kuganda). Zinazoumia ni za majimaji, hasa zenye chumvi ya alumini, kama ile ya tano kwa moja ambayo mtoto Kenya anapewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kumkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib, bakteria inayoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya homa ya ini B ikiwa peke yake huganda kwenye karibu nusu nyuzi tu chini ya sifuri.

Kwa nini? Umewahi kunyonya barafu ya juisi ya rangi, ukivuta kwa nguvu utamu na rangi vinakuja vyote mdomoni, unabaki umeshika barafu nyeupe isiyo na ladha. Hiyo ni kwa sababu maji yakiganda yanajipanga yenyewe kwa yenyewe na kusukuma kando kila kisicho maji. Ndani ya chupa ya chanjo kuna chembe ndogo mno za alumini zimetawanyika, na protini za chanjo zimezishikilia, na mpangilio huo ndio unaosaidia kinga ya mwili kuamka na kuitikia vizuri. Barafu ikiingia inazisukuma zile chembe kwenye vichochoro, zinabanana, zinashikana mabonge. Ikiyeyuka hazirudi zilivyokuwa, fikiria maziwa yaliyokatika, uyachemshe uyapoze uyakoroge, hayarudi kuwa maziwa.

Ndiyo maana kuna kipimo cha kutikisa, na kwa kweli nakipenda sana. Unachukua chupa unayoishuku na nyingine ya aina hiyo hiyo, toleo hilo hilo, hii ya pili unaigandisha makusudi mpaka iwe jiwe kisha unaiacha iyeyuke. Unazitikisa pamoja, unaziweka mezani, unatazama. Iliyoganda vipande vyake vinashuka haraka, juu maji yanaanza kung'aa. Nzima inabaki na wingu lake kwa muda. Kama ile unayoishuku inashuka haraka sawa na iliyogandishwa, haitumiki.

Chanjo iliyoganda sio sumu, mkono unaweza kuvimba zaidi kidogo, hasara kubwa ni kwamba inakinga kwa udogo na kadi ya mtoto inaandikwa amechanjwa. Kinga inapungua kiasi gani inategemea chanjo, na ushahidi mwingi ni wa maabara kuliko wa kufuatilia watoto, kwa hiyo tusiseme kila chupa iliyoganda imekuwa maji matupu.

Na sio shida ya kaunti za mbali tu, tafiti zimekuta chanjo zikishuka chini ya sifuri hata nchi tajiri. Ila kwetu safari ni ndefu: serikali kuu inanunua, mzigo unashukia ghala la Kitengela, unaenda maghala ya kanda, kaunti ndogo, ndipo dispensari ambazo tangu 2013 ziko chini ya kaunti 47, na kila mkono unaopokea una friji yake. Friji ya nyumbani ndiyo mbaya zaidi, mtu anaikaza mchana wa jua kali, usiku hewa inapoa, chupa zilizogusa ukuta wa nyuma zinaganda watu wamelala. Ndiyo maana joto la friji linaandikwa asubuhi na jioni, hata Jumapili, na ndiyo maana ukikuta nesi amesimama na pakiti sikioni usimharakishe.