"Siku ya kuugua" kwa mwenye sukari ni siku gani hiyo?

Ukienda kliniki ya kisukari utasikia nesi anasema "jamani mzingatie kanuni za siku ya kuugua", watu benchi zima wanaitikia ndiyo, wakitoka nje ndo wanaanza kuulizana, kwani mwenye sukari si anaumwa kila siku? Hapana, hapa siku ya kuugua ni ile siku ambayo juu ya sukari yako umeongezewa na kitu kingine cha kupita, mafua, flu yenyewe ile ya homa na mwili wote kuuma, kikohozi, kuharisha. Na kanuni zake ni namna unavyobadilisha kupima, kunywa, kula na dawa mpaka hicho kitu kipite.

Sasa kwa nini mafua tu yawe na kanuni? Kwa sababu akili ya kawaida hapa inatudanganya. Inakwambia sijala, kwa hiyo sukari iko chini, kwa hiyo sindano ya leo naacha. Mama yangu mdogo alifanya hivyohivyo, ile baridi ya mwezi wa saba, mafua yakamshika Jumatatu, Jumanne hataki hata kuona chakula, kashinda na chai ya rangi tu, usiku sindano yake ya insulini, ile dawa ya kushusha sukari, ikabaki kwenye chungu chake cha kuhifadhia. Jumatano asubuhi mashine ya sukari inasoma 19.4 mmol/L, juu sana hiyo. Akasema mashine mbovu hii. Tukamnawisha mikono na sabuni, maana ukishika asali au embe halafu ukajitoboa kidole kinaweza kukupa namba ya uongo, tukapima tena, 18.9. Mashine nzima kabisa.

Kumbe mwili ukipigana na virusi unamwaga homoni za kujihami, adrenalini, kortisoli, glukagoni, na hizo zinaliamrisha ini litoe sukari liliyoweka akiba, na hapohapo zinaifanya insulini iwe butu. Yaani wewe umelala njaa lakini ini linakupakulia. Ndo maana kanuni ya kwanza ni usiache insulini kwa sababu tu hujala, hasa ile ya muda mrefu, na kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, wale ambao mwili wao hautengenezi insulini, hii haina mjadala. Ile ya kuchoma wakati wa chakula ndo inaweza kupunguzwa au hata kuongezwa kutokana na namba unazopata, na hilo ongea na kliniki yako, usikadirie kwa macho.

Ukiacha insulini, kinachofuata ni ketoni. Sukari imejaa kwenye damu ila haiingii kwenye seli, mwili unaona kama kuna njaa unaanza kuchoma mafuta, na moshi wa huo moto ndo ketoni, ni tindikali, zikizidi damu inachachuka. Kwa kipimo cha ketoni cha damu (mmol/L), chini ya 0.6 ni sawa, kuanzia 1.5 piga simu kliniki hapohapo, ikifika 3 ni hospitali sasa hivi. Kuna na stripu za mkojo, ukiona alama mbili na zaidi usikae nyumbani. Huna kipimo? Angalia mtu: anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu na kwa kina kama katoka mbio, pumzi inanukia tunda lililoiva likapitiliza. Watu wanadhani malaria wanampa dawa anazidi kuzama. Na kweli homa huku kwetu pima malaria, ila pima na sukari siku hiyohiyo.

Kupima sukari kwenyewe siku hizo ni kila baada ya masaa manne hivi, usiku pia, aina ya kwanza hata kila baada ya masaa mawili. Maji kunywa kidogokidogo muda wote (mwenye shida ya figo au moyo aulize kwanza kiasi chake). Sukari ikiwa juu, vinywaji visiwe na sukari. Ikiwa inashuka au chakula hakipiti, hapo ndo uji mwepesi au soda ya kawaida kwa mafunda inaruhusiwa, ndiyo, soda, usishangae.

Vidonge navyo vina mambo yake. Metformini, na vile vya kukojoza sukari kama dapagliflozini, ukiwa unatapika au unaharisha sana kwa kawaida vinasimamishwa kwa muda mpaka ule na kunywa vizuri, ila piga simu uambiwe. Hivi vya pili vina ujanja mmoja mbaya, ketoni zinaweza kupanda huku sukari inasoma kawaida kabisa. Glibenklamaidi, kidonge kingine cha sukari, yenyewe ni kinyume, ukimeza na hujala inaweza kukushusha sukari mpaka udondoke.

Dawa za mafua mwambie muuza duka la dawa mapema kwamba una sukari. Mi niliwahi kuuziwa sirapu ya kikohozi tamu kama sharubati, nikauliza inamfaa mwenye sukari, nikajibiwa "ni dawa tu hiyo haina shida". Soma chupa. Zile za kuzibua pua zinaweza kupandisha presha, na vidonge vya steroidi, vile vya kutuliza uvimbe kama prednisolone, vinarusha sukari juu kweli. Tangawizi na limau kunywa tu, asali ndo hesabu, kijiko kikubwa kimoja kina gramu kama 17 za sukari, na watu wanaweka vitatu. Kujifukiza nako, kama miguu ina ganzi sufuria likae mbali, unaweza kuungua na usijue mpaka uone lengelenge.

Mama mdogo siku hizi ana mfuko wake kabatini, stripu, paracetamol, pakiti mbili za ORS, na namba ya kliniki kaiandika kwa makapeni kwenye mfuniko wa kile chungu.