Je, wajua? Uyoga wa hebaria bila karatasi yake ni takataka

Mvua za masika zikishakolea, ukipita sokoni Kakamega utawakuta kina mama wamepanga uyoga wa kichuguu juu ya jani la mgomba. Waluhya huuita obwoba, Wajaluo obuolo. Kufikia jioni umeshanyauka. Je, watafiti huuhifadhije katika hebaria, yaani hazina ya mimea na uyoga uliokaushwa, miaka na miaka, hata mtu ambaye hajazaliwa aje autambue?

Kuukausha si kazi. Uyoga ni maji karibu asilimia 90, kwa hivyo hupitishiwa hewa ya joto la digrii 40 hivi hadi ukauke kau, ukatiwa kwenye bahasha. Bahasha hulazwa kwenye friza siku kadhaa ili wadudu na mayai yao wafe.

Lakini kinachobaki humo ni kitu cha kahawia, kimejikunja kama soli ya kiatu kuukuu. Rangi imekwenda, harufu imekwenda, utelezi pia. Ndiyo maana mkusanyaji huandika yote kwenye karatasi palepale porini: tarehe, mahali, mwinuko, uyoga umeota juu ya nini, unanukaje, ukikatwa unageuka rangi gani.

Huu wa kichuguu, ambao Mfaransa Roger Heim aliupa ukoo wake jina la Termitomyces mwaka 1942, una mtego wake. Mguu hauishii ardhini. Huendelea chini kama mzizi hadi kwenye bustani ambamo mchwa hulima ukungu wao. Ukiuvuta kwa pupa, pap! umebaki na kipande, na rekodi imepungua nusu. Lazima uchimbe polepole kwa panga.

Kisha kuna vumbi la mbegu, yaani spora zinazodondoka chini ya kofia ya uyoga. Kofia hulazwa juu ya karatasi na kufunikwa kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi unakuta mistari myembamba imejichora yenyewe. Ya kichuguu huwa ya waridi hafifu. Chlorophyllum molybdites, uyoga mweupe mkubwa unaoota kwenye nyasi za uani, huacha kijani, na aliyeula hutapika vibaya. (Usije ukaamua cha kula kwa rangi ya vumbi peke yake; ipo mingine ya sumu yenye vumbi la rangi nyingine.)

Bahasha za namna hii zimo katika Hebaria ya Afrika Mashariki, kwenye Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Kipande kidogo cha uyoga wa zamani chaweza hata kutolewa DNA. Mimi ningeomba kila karatasi iwe na mstari mmoja zaidi, wa jina la kienyeji, kwa sababu yule mama wa Kakamega haishii kusema obwoba: muulize ni obwoba gani, naye atakutajia.