Kazi ya Ununuzi na Ugavi Viwandani: Maelezo kwa Vijana na Wazazi wa Malindi

Ukitoka Malindi ukavuka daraja la Sabaki na kuipita njia ya Mambrui, hukawii kuyafikia mashamba ya chumvi ya Gongoni, na mbele zaidi ya Marereni. Wengi wetu tuna ndugu aliyewahi kushika koleo kule. Lakini kila ninapowauliza wanafunzi wangu kiwanda cha chumvi kinanunua nini, darasa hunyamaza, kisha mmoja huniuliza, "Kwani mwalimu, maji ya bahari yanauzwa?"

Hayauzwi. Ila chumvi ya mezani nchini Kenya haiuzwi kihalali mpaka itiwe madini joto, yaani iodini, inayokinga rovu, yaani uvimbe wa shingoni, na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hutiwa kwa umbo la potasiamu iodeti, unga mweupe unaotoka ng'ambo. Nchi zinazozalisha iodini kwa wingi zaidi duniani ni Chile na Japani. Tani nzima ya chumvi hupimiwa gramu tu za unga huo. Ukiweka gharama yake kando ya dizeli, mishahara na mifuko ya kupakia, ni kitu kidogo mno. Hata hivyo, pipa la mwisho likiisha kabla jipya halijafika, chumvi ya mezani haitoki langoni hata ikiwa imelundikana kama kilima. Mtu anayehakikisha jambo hilo halitokei ndiye afisa wa ununuzi na ugavi, na watu wengi hawajui kama yuko.

Tuchukue mfano wa darasani, usiokihusu kiwanda chochote. Kiwanda kinatia madini joto tani 200 kwa siku, kila tani gramu 60. Hizo ni kilo 12 kwa siku. Tangu oda itolewe mpaka mapipa yashuke stoo ni siku 60: muuzaji atayarishe, meli isafiri, forodha ya Mombasa imalizane, lori lipakie. Kilo 12 mara siku 60 ni kilo 720. Ukingoja zibaki kilo 720 ndipo uagize, umeweka tumaini kwamba hakuna kitakachochelewa hata siku moja. Sisi tuliokuwa hapa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipokata barabara ya Mombasa pale Mbogolo, hatuwezi kupanga hivyo. Kwa hiyo unaongeza akiba ya tahadhari, tuseme ya siku 20, ambayo ni kilo 240. Stoo ikifika kilo 960, oda inatoka. Ukirundika zaidi ya hapo, pesa za kampuni zinalala zikingoja bila kazi. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu uko katika kuijua hiyo siku 60 kwa uhakika, na hilo hulijui ukikaa ofisini bila kumpigia simu muuzaji, wakala wa forodha na mwenye lori.

Mimi nililijifunza hili kwa uchungu. Nikiwa karani mchanga katika kiwanda kimoja cha chumvi, nilitumwa kutafuta beringi za pampu inayovuta maji ya bahari. Nikaleta nukuu tatu za bei, nikachagua ya chini kabisa, nikasifiwa. Beringi zile hazikustahimili maji ya chumvi. Zilikufa katikati ya kaskazi, siku mbili kabla ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari tuliyoyangoja ili kujaza mabwawa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa: bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, basi. Ukilikosa, mabwawa yanangoja karibu wiki mbili, na kaskazi ndio msimu wa jua linalogandisha chumvi. Tulichookoa kwenye beringi ni pesa kidogo, tulichopoteza mabwawani ni kingi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba fundi wa pampu alikuwa hatua chache kutoka mezani kwangu, nami sikumwuliza hata swali moja. Angeniambia.

Ndiyo maana siwafundishi vijana kusaka bei ya chini. Nawafundisha kujumlisha bei ya dukani, ubebaji, ufungaji, muda wa kungoja, na hasara kitu kikiharibika. Vipuri vya Ulaya vinavyopitia Mfereji wa Suez, kwa mfano, vilikwama Machi 2021 meli ya Ever Given ilipoufunga kwa siku sita. Aliyekuwa na beringi moja ya ziada rafuni hakusumbuka.

Karatasi nazo ni sehemu ya kazi. LPO (hati ya kuagizia bidhaa), hati ya kupokea mzigo na ankara lazima zikubaliane kwa aina, idadi na bei kabla ya mtu kulipwa. Anayeagiza asiwe anayepokea, wala anayelipa. Mpangilio huu unamlinda mwenye kiwanda, lakini unakulinda wewe zaidi, maana muuzaji atakujia na bahasha, na atakujia mwezi ambao karo ya watoto haijatimia. Nimeona vijana hodari wakipotea kwa bahasha nyembamba sana. Ikatae ya kwanza, umjulishe mkubwa wako siku hiyo hiyo.

Masomo yanafikika. Diploma huhitaji C- katika KCSE, shahada C+, na walio chini ya hapo huanza na cheti. Sheria ya mwaka 2007 ya wataalamu wa ugavi ndiyo iliyounda taasisi ya KISM, inayosajili wanataaluma na kuwapa leseni. Mzazi anayelipa karo aulize mapema kama kozi inatambuliwa. Wanaotaka cheti cha kimataifa hufanya mitihani ya CIPS, taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi ya Uingereza. Taratibu za zabuni za serikali, zinazotokana na Kifungu cha 227 cha Katiba, zisomeni pia, ila mjue kwamba kiwanda cha binafsi huendeshwa kwa sera yake chenyewe. Na wasichana msiogope stoo. Stokipa makini kuliko wote niliowahi kuwasimamia alikuwa mwanamke.

Kwa mazoezi ya kazini, omba nafasi katika miezi ya kaskazi, kiwanda kikiwa kimechangamka, na uombe kuanzia stoo badala ya ofisini. Siku ya kwanza chukua daftari, chagua kitu kimoja rafuni, kihesabu kwa mkono, kisha ulinganishe na kadi yake. Namba zikitofautiana, anza kuuliza kwa adabu ni nani alikichukua mara ya mwisho, na lini.