Mpira Haupasuki Bure: Maswali na Majibu Kuhusu Kondomu

Kila nikimaliza mazungumzo ya afya napitisha boksi. Anayeona haya kuuliza mbele za watu anaandika swali lake kwenye kikaratasi, anakikunja, anatumbukiza. Juzi nilikuwa na vijana wa kijiwe cha bodaboda, na wiki iliyotangulia nilikaa na kina mama wa sokoni. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Swali: Nesi, mimi nilivaa na bado ukapasuka. Sasa hiyo kinga iko wapi?

Swali hili halikosi kwenye boksi, nami hulijibu kwa kuuliza: ulikuwa umeuweka wapi? Kwa dereva wa bodaboda jibu ni lilelile, kwenye pochi, mfuko wa nyuma. Sasa fikiria. Unaukalia tangu alfajiri, saa saba mchana kiti kinachemka, na pochi inausugua kila ukipanda na kushuka. Baada ya mwezi mpira umeshachoka, hata kama tarehe iliyoandikwa haijafika. Kondomu inataka mahali pakavu, pasipo jua, joto lisizidi nyuzi 30. Hata dukani mimi huangalia: zilizoning'inizwa dirishani zikapigwa na jua kutwa nzima, sinunui.

Kabla ya kufungua, bonyeza pakiti kwa vidole. Ukisikia kimto cha hewa, ni nzima. Ikiwa imenywea, ina tundu, tupa. Ichane kwa mkono, usitumie meno wala wembe. Halafu hapa ndipo wengi wanapoharibu: ile chuchu ya mbele inaminywa ili hewa itoke, na unaendelea kuiminya huku mkono wa pili unakunjua mpira mpaka kwenye shina la uume. Hewa ikibaki, shahawa zinakosa nafasi na mpira unapasuka kama puto. Ukianza kuvaa ukaona haukunjuki, umeuweka kinyume. Usiugeuze ukaendelea nao, kwa sababu upande utakaokuwa nje umeshagusa majimaji. Chukua mwingine.

Na uvaliwe kabla uume haujagusa uke au njia ya haja kubwa. Wapo wanaoanza peku, wanavaa wakikaribia kumaliza. Hao wamevaa koti wakati mvua imeshanyesha. Ukimaliza, shika mpira pale shinani, utoke kabla uume haujalegea.

Swali: Tunapaka mafuta ya nazi ili asiumie. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Kondomu nyingi za kiume ni za mpira wa asili, na mafuta huudhoofisha mpira huo kwa dakika chache tu, wala huoni kitu kwa macho. Mafuta ya nazi, ya kupikia, Vaseline, losheni ya mwili, yote ni hayohayo. Tafuta vilainishi vya maji au vya silikoni, famasi vinauzwa. Kondomu ya kike iliyotengenezwa kwa nitrili, ambayo si mpira wa asili, haidhuriki na mafuta.

Swali: Nikivaa mbili kwa pamoja?

Zitasuguana. Vaa moja, ivae vizuri. Ya kike na ya kiume nazo hazitumiwi pamoja.

Swali: Mume wangu anasema huwezi kula pipi na ganda lake. Nina wasiwasi ana mchepuko. Nifanyeje?

Mama, huo msemo nimeusikia tangu naanza kazi na bado wanaousema wanakuja kliniki na kisonono. Usianzishe mazungumzo hayo kitandani, taa imezimwa. Yaanze mchana, mkiwa mmetulia, na ukiweza anza na uzazi wa mpango, maana kondomu inafanya kazi zote mbili.

Kondomu ya kike inakupa nafasi zaidi, kwa kuwa unaivaa mwenyewe, hata saa kadhaa kabla, zisizidi nane. Ina pete mbili: ya ndani unaibana kama namba nane na kuisukuma ndani kadiri kidole kinavyofika, ya nje inabaki nje kufunika mashavu ya uke. Mara ya kwanza itakuteleza mkononi, jizoeze ukiwa peke yako. Mwongoze mwenzio aingie ndani ya mpira, asipite pembeni.

Kama kutaja kondomu tu kunaweza kukuletea kipigo, usipambane peke yako. Njoo kituoni, mweleze muuguzi, uulizie na PrEP, dawa ya kukukinga na VVU. Lakini ujue PrEP haizuii kaswende wala kisonono.

Swali: Kondomu inazuia magonjwa yote ya zinaa?

Yale yanayopita kwenye majimaji inayazuia vizuri sana: VVU, kisonono, klamidia, trikomona. Yanayopita ngozi kwa ngozi inayapunguza tu. Kidonda cha kaswende au malengelenge kikiwa kwenye korodani au paja, mpira haukifuniki. Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, nacho kiko kundi hilo, ndiyo maana mabinti wanachanjwa. Tanzania ilianza chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Usisubiri dalili ndipo upime. Wengi wenye klamidia, hasa wanawake, hawasikii chochote.

Swali: Nimetahiriwa. Si inatosha?

Haitoshi. Utafiti uliofanyika Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Afrika Kusini ulionyesha tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Hizo arobaini zilizobaki ni zako. Kukojoa na kujiosha baada ya tendo hakuzibi pengo hilo. Kina mama, kujiosha ndani ya uke kwa sabuni kunaongeza hatari.

Swali: Umepasuka usiku. Asubuhi nifanye nini?

Nenda kituo cha afya, tena asubuhi hiyohiyo. PEP, dawa za kuzuia VVU visishike mwilini, zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Unazimeza siku 28. Mwanamke asiyetaka mimba aulizie vidonge vya dharura papo hapo. Usipitie duka la dawa ununue antibayotiki za kubahatisha: kisonono kimeshazizoea dawa nyingi, na dozi ya nusunusu inakikomaza.

Swali: Iliyotumika natupa wapi?

Ifunge fundo, izungushie karatasi, tumbukiza choo cha shimo au kwenye pipa lenye mfuniko. Choo cha kuvuta itakiziba. Usiirushe nyuma ya nyumba. Watoto wa uswahilini wanajua kupuliza kondomu, kuivika makaratasi na kamba, ikawa mpira wa chandimu, na wanaanza kwa kuitia mdomoni.