Msukuma Halisi Anaonekana Kwenye Damu?

Siku moja tukiwa Magu kwa upimaji wa selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, mzee mmoja alikunja mkono wa shati, akaitazama sindano ikiingia, kisha akaniuliza: "Daktari, humo mtaona kwamba mimi ni Msukuma halisi?"

"Hatutaona, mzee wangu," nikamjibu. Hakufurahi.

Jina lenyewe lingemsaidia kuelewa. Sukuma maana yake ni kaskazini, na Wasukuma ni wale walioko kaskazini ya ndugu zao Wanyamwezi: ni jina la upande, si la damu. Tunachoweza kusoma kwenye damu ni mambo mawili: watu walitoka wapi, na walipofika walioana na nani.

Wazungumzaji wa lugha za Kibantu walianza kutawanyika kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Huku Ziwa Victoria waliacha vyungu vya kale vinavyoitwa vya Urewe, na Kagera waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Safari hiyo imo pia kwenye selimundu tunayoipima. Ugonjwa huo unatokana na herufi moja tu ya vinasaba iliyobadilika kwenye jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Ukiangalia herufi zinazoizunguka, utakuta hapa Tanzania wengi wana mpangilio ambao wataalamu wanauita wa Kibantu, tofauti na ule wa Senegali au ule unaopatikana Uarabuni na India.

Lakini mbona herufi yenye madhara haikupotea njiani? Malaria ndiyo iliyoitunza. Mtoto aliyerithi nakala moja ya jeni yenye herufi hiyo kwa mzazi mmoja kwa kawaida haumwi selimundu, na anapata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili ndiye anayeteseka kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Kwa mwambao wa ziwa wenye mbu kama wetu, wabebaji wa nakala moja walipona, wakakua, wakazaa. Matokeo yake Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, katika nchi ambayo watoto wapatao 11,000 wanakadiriwa kuzaliwa nao kila mwaka. Nalisema hili kwa sababu bado nasikia mama akilaumiwa kwamba "kwao ndiko kwenye ugonjwa". Mtoto mgonjwa amepokea nakala kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Idadi ya watu wanaohama nayo ina nguvu zake kwenye vinasaba. Nenda soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, chota konzi moja kwenye gunia la maharage mchanganyiko: rangi zilizokuwa chache huenda zisiingie mkononi kabisa. Ukipanda konzi hilo, shamba lako litakosa rangi hizo miaka yote. Ndivyo ilivyo kwa wenyeji wa Amerika Kusini, ambao karibu wote wana damu ya kundi O: ni uzao wa makundi madogo ya wahamiaji wa kale.

Kwetu Afrika gunia ndilo lilibaki, ndiyo maana utofauti wa vinasaba ni mkubwa kuliko bara lolote. Chukua Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao ni elfu moja na ushei tu, na Wasandawe wa Chemba, mkoani Dodoma. Lugha zao zote mbili zina sauti za kidoko, yaani za kualisha ulimi mdomoni, na mtu wa mbali angewaweka kapu moja. Vinasaba vinaonyesha kwamba walitengana zaidi ya miaka 15,000 iliyopita.

Na mchanganyiko haukukoma. Wafugaji wa Kikushi na wa Kiniloti walishuka na ng'ombe wao, na pamoja nao badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kusaga sukari ya maziwa mabichi bila tumbo kuvuruga. Watafiti walilitangaza mwaka 2007 baada ya kuwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudani. Aina moja yake imeenea hasa Kenya na Tanzania.

Hilo nalo nilimweleza mzee huku akibana pamba kwenye kiwiko. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Bibi yake mzaa mama, alisema, alikuwa Mtaturu, kabila la wafugaji wa Kiniloti, kutoka Meatu, na nyumbani kwao yeye peke yake ndiye anayekunywa maziwa mabichi asubuhi bila kuendesha.