Nukta nyekundu kwenye ramani haimtaji mwenye kiberiti

Kiangazi kinapokolea, simu za ofisi yetu hapa Tabora, tunaofuatilia moto na moshi kwa picha za setilaiti, huanza kuita kwa jambo lilelile. Mtu amefungua ramani ya moto, ameona nukta nyekundu upande wa kijiji jirani, ameirusha kwenye kundi la WhatsApp, na tayari wapo wanaotaka fulani akamatwe. Msimu huu malalamiko yamezidi, ndiyo maana tunaandika.

Nukta hiyo inaonyesha joto. Kifaa cha VIIRS, kilichofungwa kwenye setilaiti za Suomi NPP na NOAA-20, husoma ardhi kwa vipande vya takriban mita 375 kila upande. Kipande kimoja ni karibu ekari 35, na nukta huchorwa katikati yake hata kama moto uko pembeni kabisa. Humo mnaweza kuwa na mashamba ya watu watano, pori na njia ya ng'ombe. Tena setilaiti hizo hupita juu yetu mnamo saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto uliowashwa saa kumi jioni ukazimwa kabla ya giza haziuoni. Wapo wanaouliza kama setilaiti imemwona aliyewasha: hapana, haioni sura ya mtu. Tumelieleza hili mikutanoni mara nyingi, na bado tunaulizwa.

Moshi una safari yake. Miezi ya kiangazi upepo wetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa misitu ya miombo ya Sikonge na Ugalla unaweza kufika Uvinza, Kasulu, hata ziwani. Ndugu zetu wa Kigoma wanaposhindwa kuiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mwezi Agosti, wengi husema mvua inakaribia. Mara nyingi ni moshi na vumbi. Usiku wa baridi hewa ya chini hutulia, moshi ukalala mabondeni, na alfajiri ukaonekana kama ukungu.

Kuufuata moshi tunatumia setilaiti ya Meteosat, iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta na inayotuma picha kila dakika 15. Moshi tunautazama mchana, kwa mwanga wa kawaida, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno kuonekana vizuri kwenye picha za joto. Vumbi zito hujitokeza kwenye picha hizo hata usiku, kwa rangi ya waridi. Kisulisuli cha uwanja wa shule, hata hivyo, ni kidogo mno kwa setilaiti hiyo.

Tahadhari moja tunaomba ishikwe: setilaiti hupima hewa yote, kutoka ardhini hadi juu. Picha inaweza kuonyesha moshi mzito uliopita kilomita tatu juu ya Urambo huku watu wa chini wakivuta hewa safi. Kwa hiyo hatutangazi kiwango cha hewa ya mtaa wowote kwa picha peke yake.

Kuhusu utaratibu wa kuchoma. Sheria ya Misitu, Sura ya 323, inamtaka anayechoma mimea nje ya eneo lake awe na kibali kwanza. Zungumza na mtendaji wa kijiji kabla ya siku ya kuchoma, si baada ya moto kuruka. Hata shambani kwako, wajulishe majirani, safisha kinga ya moto pande zote, na usiondoke hadi majivu yapoe. Ukikiuka, adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Anayechoma ili majani mabichi yaote kwa ajili ya mifugo naye yumo. Wafuga nyuki, ambao mizinga yao huungua ikiwa imejaa, wanalijua hili kuliko sisi.

Ukiona nukta, usiisambaze. Mpigie mtendaji au afisa misitu wa wilaya, na moto ukikaribia makazi piga 114, namba ya zimamoto. Taja kitongoji, saa uliyouona moshi, na upande unakoelekea. Hiyo saa ndiyo tunayoihitaji kuliko yote, kwani bila hiyo hatuwezi kuchagua picha ya kufungua.