Silaha zisizoua: "haiui" siyo jibu

Jamani hili la silaha zisizoua tuliweke sawa. Kila likitokea zogo sehemu, iwe Nairobi iwe hapa kwetu, ukipita vijiweni Dodoma, kuanzia wazee wa kahawa Majengo mpaka wasomi wetu wa UDOM, lazima umkute mtu anafunga mjadala kwa "aah lile bomu la machozi tu, haliui", na wenzake wananyamaza kama vile hukumu imeshasomwa. Mi nimechoka.

Maana yake fasta fasta: ni silaha iliyotengenezwa kumzuia mtu, kumtawanya au kumlegeza, bila lengo la kumtoa roho. Humo kuna mabomu ya machozi, maji ya kuwasha, risasi za mpira, bunduki za shoti ya umeme, spika zile kubwa zinazotoa mlio wa kuumiza masikio, mwanga wa leza wa kumtia mtu kiwi, na kirungu usikisahau maana ndo babu yao wote. Polisi anazitumia apate kitu cha kufanya kati ya kupiga kelele na kupiga risasi za moto, na jeshi nalo linazitaka kwa sababu hiyohiyo, hasa pale askari anaposimama mbele ya watu ambao nusu ni raia wenye hasira na nusu huwajui. Basi, maana imeisha.

Sasa shida yangu iko kwenye hilo "lengo", maana lengo analo aliyetengeneza na aliyeshika, ile silaha yenyewe haina lengo lolote, inafanya inachofanya kulingana na umbali, pembe, sehemu ya mwili, nafasi ya kukimbilia na nani yuko mbele yake. Na hili siyo la wanaharakati. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambao ndo wamezitafuta hizi silaha kwa pesa nyingi, sera yao ya mwaka 1996 ilisema wazi kabisa kwamba silaha za aina hii hazilazimiki kuwa na uwezekano sifuri wa kuua au kuacha ulemavu wa kudumu. Yaani wenye mali wenyewe hawajawahi kukuahidi haziui, ahadi hiyo tumeitunga sisi vijiweni! Na sera ile ilikuja baada ya Mogadishu 1995, wanajeshi wao walipokwenda kusimamia kikosi cha Umoja wa Mataifa kiondoke Somalia, wakabeba mapovu ya kunata na risasi laini kwa ajili ya umati, ila bunduki za kawaida hawakuziacha melini.

Ni sawa na mtu aseme boda ni usafiri usioua. Haikutengenezwa kuua ndiyo, lakini wadi za mifupa unazijua.

Halafu sisi watu wa kanda hii tunatakiwa tuwe wa mwisho kusema bomu la machozi haliui. Nyololo siyo mbali, unashuka Mtera, unapita Iringa, unaipita Mafinga, umefika. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa pale kwa bomu la machozi lililofyatuliwa akiwa amezingirwa na polisi, kwa karibu kabisa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka 15. Ile gesi wala haikuhusika, kilichoua ni lile kopo lenyewe likiwa limetoka kwenye bunduki yake kwa kasi, maana kwa mita moja mbili hilo ni kombora, na moshi wa ndani uwe wa kutoa machozi au wa udi haibadilishi chochote. Linatakiwa lipigwe kwenda juu, lidondoke mbali, ndo litoe moshi wake.

Na risasi za mpira hivohivo. Waingereza walipozipeleka Ireland ya Kaskazini mwaka 1970 maelekezo yalikuwa zipigwe chini zidunde ndo zimfikie mtu miguuni. Mtaani zikapigwa moja kwa moja. Zikaja za plastiki, na hizo na zile za mpira kwa pamoja ziliua watu 17 kule, wengi wao watoto na vijana wadogo.

Tukirudi kwenye gesi, kwanza ile CS, ndo dawa iliyomo kwenye mabomu mengi ya machozi, siyo gesi, ni unga laini sana unaorushwa hewani kwa joto, unakamata kwenye unyevu wa macho, pua, koo na jasho. Uwanja wazi na upepo wetu huu wa Dodoma wa mwezi wa nane, dakika kadhaa unakohoa, unalia, unanawa, yameisha. Ila unga uleule upige chumba kimefungwa, kuna mwenye pumu, kuna kichanga, hapo kipimo kinapanda na pa kutokea hakuna. Mwaka 2013 Misri walipiga ndani ya gari la mahabusu pale Abu Zaabal, wakafa 37. Au nenda Accra, Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko, ndo Simba na Yanga yao, mashabiki wanang'oa viti, polisi wakapiga machozi jukwaani, watu wakakimbilia mageti, mageti yamefungwa, wakafa zaidi ya 120 kwa kukanyagana na kukosa hewa. FIFA nao kwenye kanuni zao za usalama wamekataza gesi za kutawanya watu kiwanjani. Ukimuuliza mtu wetu wa kijiweni atakwambia Accra waliuawa na msongamano, bomu halikuua. Haya bwana.

Sasa kuna huyu wa pili, anayejifanya kasoma zaidi, anasema "hata vitani bomu la machozi limekatazwa, iweje raia apigwe nalo?" Hapo mwanzo yuko sahihi kabisa. Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993, ulioanza kazi 1997 na sisi Tanzania tumo, unakataza kutumia machozi kama njia ya kupigana vita, na palepale unaruhusu polisi ayatumie kulinda amani ndani ya nchi. Anayesikia anadhani ni unafiki, kwamba adui anahurumiwa kuliko mwananchi. Siyo hivo. Askari vitani akiona wingu linamjia hana maabara ya kupima kama ni la kulia au la kufa, atajibu kwa kitu kibaya kuliko vyote alivyonacho, na mwenzake atamjibu tena. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza mambo ya gesi yalianza hivohivo, Wafaransa na vigruneti vya machozi 1914, na Aprili 1915 Wajerumani wakafungulia klorini pale Ypres.

Sababu nyingine ni Vietnam, na hii ndo inaua kabisa hoja ya "haiui". Wamarekani walipuliza CS kwenye mahandaki wakisema ni ubinadamu, afadhali kulia kuliko kufa, afu waliotoka wanakohoa walikutana na risasi na mabomu huko nje. Silaha isiyoua ikawa inamtoa mtu mafichoni auawe vizuri. Utaihesabu upande gani hiyo?

Moscow nayo, Oktoba 2002, watekaji wameshika watu zaidi ya 800 ndani ya ukumbi wa maonyesho pale Dubrovka, vikosi vya Urusi vikaingiza dawa ya kulaza kupitia njia za hewa. Kila mtu akalala, watekaji wakapigwa risasi, na mateka kama 130 wakafa, karibu wote kwa ile dawa, maana waliotolewa wamezimia walilazwa chali wakapaliwa na madaktari hawakuandaliwa kujua wanatibu nini. Dozi ya kumlaza mwanaume mwenye bunduki bila kumuua mtoto aliyekaa viti vya mbele haipo. Wanaosema siku moja itapatikana gesi safi ya kulaza maadui wote wangeanza na hiyo hesabu.

Afu angalia leza. Kuna leza ya kupofusha, haiui kabisa, mtu anabaki mzima wa afya ila macho hana tena maisha yake yote. Mwaka 1995 dunia ikakaa ikaipiga marufuku, hata kabla haijazoeleka vitani, huku bunduki inayoua moja kwa moja ikiachwa. Ile ya kukutia kiwi ukasimamisha gari kizuizini wameiruhusu, ya kukupofusha wameikataa, na zote mbili haziui. Kwa hiyo hata waliotunga sheria za vita hawakupima kwa kuua na kutoua peke yake, walipima na kile anachobaki nacho mtu baada ya pale.

Sijasema polisi wanyang'anywe, maana mbadala unaujua, ni risasi za moto. Na jina lenyewe endeleeni nalo tu, siyo kesi. Ninachoomba ni kidogo sana, siku nyingine mtu kapigwa, ukitaka kuchangia, anza na alikuwa umbali gani, lilielekezwa juu au usoni, palikuwa na pa kukimbilia, na baada ya pale nani alimpeleka hospitali. Ukishajibiwa hayo manne ndo useme lako, ila hiyo "haliui" iache iwe ya mwisho, na mara nyingi utakuta huna tena hamu ya kuisema.